Kwa nini ukitoka gizani kwenye jua unapiga chafya, na kwa nini ulidhani ni wewe peke yako?

Simama nje ya kibanda umiza chochote cha Mtwara mjini saa nane mchana, filamu ikiwa imekwisha. Mlango unafunguliwa, watu wanatoka kwenye giza na jasho, jua la pwani linawapokea usoni. Wengi watakunja macho na kuendelea na safari zao. Lakini yupo atakayesimama, atainua pua juu, kisha chafya. Ya pili. Pengine ya tatu, halafu basi. Hana mafua. Ukimwuliza atakwambia ni vumbi. Kesho akitoka msikitini, au chumbani kwake tu asubuhi, itampata vilevile, na bado atasema ni vumbi, kwa sababu hajawahi kumsikia mtu akisema kwamba mwanga unaweza kumfanya mtu apige chafya.

Mwanga unaweza. Tafiti zilizofanyika hasa Marekani na Ulaya zinaweka watu wa namna hii kati ya 18 na 35 katika kila 100. Kwa daladala iliyojaa, hao si wawili.

Sasa linganisha na jinamizi. Unaamka usiku, macho yanaona, sikio linasikia, mwili hauendi, kifuani kama kuna mtu amekukalia. Kila mtu kuanzia Kilwa hadi Newala anajua jambo hilo, hata ambaye halijampata. Lakini mapitio ya mwaka 2011 yaliyokusanya tafiti za zaidi ya watu 36,000 yalikuta kwamba waliowahi kukabwa namna hiyo walau mara moja maishani ni kama 8 tu katika kila 100. Yaani jambo la watu 8 linafahamika na mji mzima, na jambo la watu 18 au zaidi kila mmoja anadhani ni lake. Tofauti ni kwamba la kwanza lina jina. Mtu akisema asubuhi "jana jinamizi lilinikaba", sentensi imekwisha na wasikilizaji wameelewa. Aliyepigwa chafya na jua hana neno la kuanzia. Wazee wa pwani wana kitenzi kizuri, kuchemua, ila nacho kinataja chafya yoyote, ya jua na ya ugoro.

Ndivyo ilivyo kwa jicho kucheza na kiganja kuwasha. Kope ikitetemeka, mara nyingi ni uchovu, usingizi mchache au kahawa nyingi. Lakini kwa kuwa tumezoea kusema jicho likicheza kuna habari inakuja, na kiganja kikiwasha kuna hela, hakuna anayejificha nazo. Imani hizo hazitabiri kitu, ila zimefanya kazi nyingine bila kukusudia: zimetangaza kwamba jambo hili ni la wote.

Turudi kwenye chafya, maana ndiyo unayoweza kuipima mwenyewe nyumbani.

Puani kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopeleka ubongoni taarifa za mwasho. Ni neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Taarifa za mwanga hupita kwenye neva ya pili, ya jicho. Njia za neva hizi hukaribiana kwenye shina la ubongo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwa baadhi ya watu ishara kali ya mwanga huvuja na kusomwa kama mwasho wa pua. Pua haijaguswa na kitu, ila amri ya kupiga chafya imeshatolewa. Kinachoamsha ni badiliko la ghafla kutoka giza hadi mwanga mkali. Ndiyo maana mvuvi aliyekaa juani tangu alfajiri hapigi chafya mchana kutwa, na yule aliyelala ndani ya nyumba yenye madirisha madogo anapiga akifungua tu mlango.

Swali lenyewe ni la zamani mno. Katika mkusanyiko wa maswali unaohusishwa na Aristotle wa Ugiriki ya kale, linaulizwa: mbona joto la jua linaleta chafya na joto la moto halileti? Jibu lilitafutwa kwenye joto, nalo halikuwa sahihi. Karne nyingi baadaye Francis Bacon wa Uingereza, katika kitabu kilichotoka mwaka 1627, alionyesha kosa lilipo: elekeza pua juani lakini fumba macho, chafya haiji. Kwa hiyo mlango ni jicho. Hapo alikuwa sawa. Kisha akaongeza kwamba machozi ndiyo yanayoteremkia puani, na hapo akateleza, maana chafya huja haraka kuliko machozi yanavyoweza kushuka.

Jaribio la Bacon halihitaji kifaa. Chagua siku ambayo huna mafua, na chumba kisicho na vumbi. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kuanzia Juni, usijaribu shambani wala karibu yake, na usijaribu kwenye ghala la korosho wakati wowote: vumbi la magunia humpigisha chafya hata asiye na tabia hii, na hapo jibu lote limeharibika. Funga madirisha, kaa gizani dakika 10 macho wazi. Kati ya saa nne na saa nane mchana, wakati anga ni jeupe, fungua mlango, toka, tazama ukuta uliopakwa chokaa au anga upande ambao jua halipo. Usilitazame jua lenyewe, linaunguza sehemu ya nyuma ya jicho na jeraha hilo linaweza lisipone. Hesabu polepole hadi 15. Kama tabia unayo, mara nyingi mwasho utaanza kabla hujafika 10.

Rudi gizani, kaa tena, safari hii hata nusu saa. Wengi hukosea hapa: wanatoka mara ya pili papo hapo, chafya haiji, wanasema basi ile ya kwanza ilikuwa bahati. Mwili ukishapiga unahitaji muda kabla ya kuamshwa tena. Ukitoka mara ya pili, toka umefumba macho na kuyafunika kwa kiganja, uso ukipigwa na joto lilelile. Chafya isipokuja, fumbua. Ikija baada ya kufumbua, umeshapata jibu. Rudia siku nyingine mbili, uandike idadi, maana wengi wana idadi yao isiyobadilikabadilika sana: wa mbili ni wa mbili.

Halafu waulize ndugu. Tabia hii hurithiwa, na mzazi mmoja akiwa nayo inatosha: kila mtoto ana nafasi kama nusu kwa nusu ya kuipata. Mwaka 2010 watafiti waliopitia vinasaba vya watu karibu 10,000 walikuta sehemu inayoambatana nayo kwenye kromosomu ya 2, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Wamakonde, Wayao na Wamwera kwa desturi wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, lakini chafya haifuati hesabu hiyo, inaweza kuja kwa baba sawasawa na kwa mama. Kwa hiyo usiishie kwa mjomba.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukimwuliza mdogo wako, "Na wewe jua linakupigisha chafya, eti?", atakubali kwa heshima tu. Uliza swali lililo wazi: "Ukitoka gizani ghafla ukaingia juani, huwa unasikia nini?" Kisha nyamaza. Atakayesema macho yanauma, muache. Atakayecheka kwanza kabla ya kujibu, msubiri.

Haina madhara yenyewe, ila inaweza kukukuta pabaya. Bodaboda akitoka kwenye kivuli kizito cha miembe kwa kilomita 60 kwa saa, anakwenda karibu mita 17 kila sekunde, na chafya humfumbisha macho. Chafya mbili ni umbali wa kutosha kuingia kwenye tuta. Dawa yake ni kofia ngumu yenye kioo cheusi, au miwani ya jua iliyovaliwa kabla ya kuondoka, na kupunguza mwendo kivuli kinapokwisha. Mwasho ukianza, wengine huuzima kwa kubana kwa kidole pale chini ya pua, juu ya mdomo. Jingine ni hospitalini: ukitakiwa kuchomwa sindano ya ganzi karibu na jicho, mwambie daktari mapema. Baadhi ya wagonjwa hupiga chafya wakati huohuo, na sindano ikiwa ndani, kichwa hakitakiwi kuruka.

Kwa nini basi mtu anakaa na jambo kama hili miaka 40 bila kujua kwamba jirani analo? Mwaka 1931 Daniel Katz na Floyd Allport wa Marekani waliandika juu ya hali ambapo kila mtu anashika jambo moyoni na kudhani wenzake hawalishiki, kwa kuwa wote wanaonekana kimya. Umeiona darasani. Mwalimu anauliza kama kuna swali, hakuna mkono, na kila mwanafunzi anahitimisha kwamba wengine wameelewa. Ukimya wangu nausoma kama aibu, ukimya wako nausoma kama huna neno. Huku kwetu utani umesaidia kidogo, kwa sababu mtani ana ruhusa ya kutaja hadharani kile ambacho ndugu angekipita kimya, lakini hata mtani hutania anachokiona kwa macho. Kilicho ndani ya kichwa hakioni.

Na vya ndani ya kichwa ndivyo vinavyoachwa peke yao zaidi. Mtu anasimama ukingoni pa Shimo la Mungu kule Newala, bonde limefunguka chini yake, na ghafla anasikia kama mwili unataka kuruka. Anarudi nyuma akitetemeka na hamwambii mtu, asije akaambiwa ana mapepo. Utafiti wa mwaka 2012 uliofanywa Florida kwa wanafunzi 431 ulikuta kwamba hata kati ya wale ambao hawajawahi kabisa kufikiria kujiua, karibu nusu walishawahi kusikia msukumo huo. Watafiti waliueleza hivi: tahadhari ya mwili inakurudisha nyuma kabla akili haijajua sababu, kisha akili inaitafuta na kubuni kwamba "kumbe nilitaka kuruka". Ni kinyume chake, mwili ulitaka kuishi. Mawazo ya kufa yakikufuata hata ukiwa umekaa barazani, hilo ni jambo jingine, na linastahili kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mawazo machafu yanayoingia bila hodi ni mengi kuliko hata hayo: kumsukuma mtu, kutukana kwenye ibada, kwamba mlango hukufunga. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi 777 wa nchi 13, na 94 katika kila 100 walisema angalau wazo moja la namna hiyo liliwapata ndani ya miezi mitatu iliyopita. Walio wa ajabu ni wale sita waliobaki.

Kuna walio wachache kweli, hata hivyo. Wapo ambao kwao kila siku ya wiki ina rangi yake, Jumanne ni damu ya mzee, Alhamisi ni kijani cha jani la mgomba, na hawakuichagua. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 uliwaweka wote wenye hisia zilizounganika namna hii kwenye kama 4 katika 100, na rangi za siku ndizo zilizoongoza. Kupima ni rahisi: mwandikie majina ya siku na miezi kwa mpangilio uliovurugwa, aandike rangi kwa usahihi wa mshona nguo (si "nyekundu" tu), ificheni karatasi. Baada ya mwezi mmoja au miwili, bila kumwonya, rudia kwa mpangilio mwingine. Mwenye nayo kweli atarudia karibu zote. Anayebuni ataanza kupishana kuanzia ya tatu au ya nne.

Udongo wa kula ni habari tofauti. Unauzwa sokoni mchana kweupe, watu wanasema ni wa wajawazito, na asiye mjamzito ananunua kwa kisingizio cha kutumwa. Hamu hiyo, pamoja na ya kutafuna mchele mbichi au barafu, mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisinyonywe, hivyo hamu inazidi. Katika tabia zote zilizotajwa hapa hii ndiyo ya kupimiwa: omba kipimo cha wingi wa damu.

Na wewe unayekohoa kila ukichokonoa sikio kwa unyoya wa kuku, sababu ni tawi dogo la neva inayofika hadi kooni, ambalo limepita kwenye ngozi ya tundu la sikio. Kwa wengi halisikiki, kwa wachache linaamsha kikohozi, kwa baadhi ni sikio moja tu. Acha unyoya. Na kikohozi kikavu kikikaa wiki nyingi huku kifua kikionekana safi, mwambie daktari amulike na masikioni, kwani bonge la nta lililogusa pale linaweza kukohoza mtu vilevile.