Bwawa limejaa, mbona gridi inayumba?

Jirani yangu hapa Njiro, Arusha, taa zikizimika tu, hugonga geti. "Injinia, bwawa si limejaa? Sasa shida nini tena?" Ana haki ya kuuliza. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Lakini bwawa liko Rufiji, sisi tuko chini ya Meru, na katikati kuna safari ndefu ya waya. Mkate wangu unatoka kwenye huo waya: siupandi, naupigia hesabu.

Umeshaona daladala bovu likivutwa kwa kamba? Kamba ikiwa fupi na imekaza, magari mawili yanakwenda kama moja. Ikiwa ndefu, la nyuma linabaki, kamba inakaza ghafla, linarushwa mbele, kamba inalegea, mchezo unaanza upya. Jenereta zote za gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja, hezi 50, na kamba inayozifunga ni umeme wenyewe unaopita kwenye laini. Laini ndefu yenye mzigo mkubwa ni kamba ya mpira. Radi ikipiga mahali, kundi la mashine la upande huu linaanza kuvutana na la upande ule, polepole. Mvuto mmoja, kwenda na kurudi, unaweza kuchukua sekunde mbili, hata zaidi ya tano. Ndiyo maana laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupita Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, inatupa hesabu mpya. Kuunganisha majirani ni jambo jema, ila kamba imerefuka.

Kuvutana si kosa. Swali ni kama kunatulia. Kompyuta hunipa namba mbili kwa kila aina ya mvutano. Tuseme ya kwanza ni hasi 0.05 na ya pili ni 2.5. Ya pili inasema mvuto mmoja unachukua kama sekunde mbili na nusu. Ya kwanza inasema baada ya sekunde 20, yaani mivuto minane, bado kumebaki zaidi ya theluthi moja ya mtikisiko. Gawanya 0.05 kwa 2.5: hiyo ni breki ya asilimia 2 tu, na wengi wetu tunataka angalau 5. Alama ya hasi ikigeuka chanya, basi: kila mvuto unauzidi uliotangulia, mpaka relei, vifaa vya ulinzi, zinakata laini.

Mchochezi mara nyingi ni kifaa kizuri. Kidhibiti cha volteji cha jenereta hukimbilia kuinua volteji inaposhuka, lakini koili ya rota, ile sehemu inayozunguka, ni nzito kuitika, kwa hiyo msaada unafika umechelewa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea wakati anaondoka: ulidhani unamtuliza, kumbe unampaisha. Dawa yake ni kitulizaji, saketi ndogo inayosikiliza mwendo wa mashine na kurekebisha muda wa huo msukumo.

Tarehe 10 Agosti 1996, magharibi mwa Marekani, laini zilizolegea kwa joto na mzigo ziligusa miti, mvutano ukakua, gridi ikagawanyika vipande vinne, wateja kama milioni 7.5 wakakaa gizani. Kinachoninyima usingizi ni kilichofuata: wataalamu walipoirudia siku ile kwenye kompyuta, modeli zao zilionyesha mfumo uko salama.

Tangu niliposoma hayo, siamini faili la data kabla sijaona mashine. Kituo kimoja, sikitaji, modeli yangu ilisema kitulizaji kinafanya kazi. Nikafungua kabati: swichi iko kwenye kuzima, imebandikwa selotepu iliyogeuka njano. Nikamuuliza mzee wa zamu nani aliizima.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeikuta hivyo."