Mwanamke yuko shambani tayari. Redio na televisheni zimfuate huko

Natayarisha vipindi vya kilimo redioni, na swali ninaloulizwa kila mara ni tuwahamasisheje wanawake waingie kwenye kilimo. Vijijini kwetu wamo siku nyingi: wanapanda, wanapalilia, wanavuna, wanahifadhi. Wanachokosa wengi wao ni kuhesabiwa kuwa wakulima, wenye shamba lao, mazao yao na fedha ya mazao hayo. Vyombo vyetu vina kazi hapo.

Naanza na saa. Kipindi kikirushwa saa kumi na mbili jioni, mama yuko jikoni, na redio iko barazani kwa baba, au imo ndani ya simu ya baba naye katoka nayo. Kabla ya kupanga ratiba, waulizwe wanawake wenyewe wanapumua saa ngapi, kisha kipindi kirudiwe siku nyingine kwa saa tofauti.

Hata hivyo, hakuna ninachokiamini kuliko kikundi cha kusikiliza. Tanzania inaijua njia hii: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio, na Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Watu walisikiliza pamoja, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Leo hatuna haja ya kuunda vikundi vipya. Wanawake wa VICOBA, vikundi vya kijijini vya kuweka akiba na kukopeshana, wanakutana kila wiki. Wapelekewe kipindi kwenye memori kadi, wakisikilize wakishamaliza hesabu za hisa. Habari ya mbegu bora ya alizeti ikisikika pale pale penye fedha ya mkopo, mtu anaweza kuamua siku hiyo hiyo.

Sauti nayo ina uzito. Ninapomhoji mama mkulima namuuliza kauza magunia mangapi, kwa bei gani, na msimu ujao analima nini. Anayesikiliza kwake anajipima naye. Kupiga simu studio huwaacha nje wasio na salio, kwa hiyo wabipu tu, kituo kiwapigie.

Televisheni ni chache vijijini, lakini inaonyesha mikono ikifanya kazi. Mahindi huhifadhiwa bila dawa katika mifuko 2 ya plastiki iliyomo ndani ya kiroba, kila mmoja ukifungwa peke yake, na hewa ikikamuliwa kwanza. Redioni nitaeleza mpaka nichoke. Kwenye picha mama anaelewa mara moja. Tena inampa mkulima heshima. Mama Shujaa wa Chakula, shindano lililoanzishwa na Oxfam Tanzania mwaka 2011 na baadaye kuunganishwa na Maisha Plus, kipindi cha televisheni cha mashindano ya kuishi kijijini, liliwaweka wanawake wa jembe mbele ya nchi nzima wakipigiwa kura. Nalithamini sana.

Ila hamasa isiyogusa ardhi huishia njiani. Nani atapanda miparachichi, asubiri miaka, kwenye shamba analoweza kunyang'anywa mumewe akifariki? Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 lazima wawe wanawake. Wengi hawajaambiwa. Ndiyo maana kila msimu vipindi vya ardhi navitanguliza kabla ya vile vya mbegu, na namwalika mtendaji wa kijiji aeleze ombi la hati ya hakimiliki ya kimila linajazwaje, linapelekwa wapi, na jina la mke linaandikwaje pamoja na la mume.