Magitaa ya "enzi ya kesi": maana yake, na namna ya kuchagua replika ya Kijapani

Anayetafuta gitaa la umeme lililotengenezwa Japani kwa kufuata umbo la magitaa mashuhuri ya Kimarekani, Gibson Les Paul au Fender Stratocaster, hukutana mapema na maneno "gitaa la enzi ya kesi". Wauzaji huyatumia kwa karibu kila nakala ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980, na bei hupanda kwa sababu yake. Kwa maana yake halisi, jina hilo linahusu jambo dogo sana, wala halimwelezi mnunuzi chochote kuhusu mbao, pikapu (vifaa vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa mawimbi ya umeme) au ufundi wa gitaa lililo mbele yake.

Replika, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni gitaa linaloiga kwa makusudi vipimo, umbo na mpangilio wa vifaa vya gitaa mashuhuri la zamani, lakini likabeba jina lake lenyewe la biashara, kama vile Tokai, Greco, Burny au Ibanez. Gitaa bandia ni jambo jingine, kwa kuwa hilo huandikwa jina la kampuni isiyolitengeneza ili mnunuzi adanganyike. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu yapo magitaa mazuri ya Kijapani ambayo watu wameyafuta jina la kiwandani na kuyabandika la Gibson. Gitaa la namna hiyo huenda likalia vizuri, lakini haliaminiki tena kuhusu asili yake, na ushauri wangu ni kuliacha.

Kesi yenyewe ilikuwa moja. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikiimiliki Gibson, ilifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia dhidi ya Elger, kampuni iliyokuwa ikisambaza nchini Marekani magitaa ya Ibanez ya kampuni ya Kijapani Hoshino Gakki. Dai lilihusu umbo la kichwa cha gitaa, yaani ule ukingo wa juu wa Gibson unaofanana na kitabu kilichofunguliwa. Shauri lilimalizika mwaka 1978 kwa makubaliano nje ya mahakama, na kufikia wakati huo Ibanez ilikuwa imekwisha kubadili umbo la vichwa vyake. Hakuna hukumu iliyotolewa, na Tokai, Greco na Burny hazikuwa washtakiwa. Kwa hiyo gitaa la Greco la mwaka 1981 linapotangazwa kuwa la "enzi ya kesi", maneno hayo yanataja kipindi kwa makadirio tu, tena makadirio mabaya, kwa kuwa shauri lilikuwa limekwisha miaka mitatu nyuma.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba jina hilo huweka kapu moja magitaa yasiyolingana hata kidogo. Nakala nyingi za Les Paul zilizotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliiga sura peke yake: shingo ilifungwa kwa skrubu ilhali ile ya asili imegundishwa, sehemu ya juu ya mwili ilikuwa plaiwudi iliyopindwa juu ya uwazi, na chini ya vifuniko vipana vya pikapu mara nyingi mlikuwa na koili (mzingo wa waya) moja badala ya mbili. Magitaa hayo yana haiba yake na wapo wanaoipenda sauti yake nyembamba, lakini si replika kwa maana tuliyoitoa.

Mambo yalibadilika katika nusu ya pili ya muongo huo. FujiGen Gakki ya Matsumoto, katika mkoa wa Nagano, iliyokuwa ikitengeneza Greco na Ibanez, na Tokai Gakki ya Hamamatsu, katika mkoa wa Shizuoka, ziliacha kuiga magitaa ya Kimarekani yaliyokuwa madukani wakati huo na kuanza kuiga yale ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Uamuzi huo ndio chanzo cha sifa yote iliyofuata. Gibson chini ya Norlin ilikuwa ikiunda miili ya Les Paul kwa matabaka ya mbao yaliyobandikwa, shingo za vipande vitatu na uvimbe nyuma ya shingo karibu na kichwa, na Fender chini ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani iliyoinunua mwaka 1965, ilikuwa ikifunga shingo ya Stratocaster kwa skrubu tatu badala ya nne. Wapiga gitaa walitaka Les Paul ya miaka ya 1958 hadi 1960, ambayo haikuwa ikitengenezwa tena. Tokai ilipotoa mwaka 1978 gitaa iliyoliita Les Paul Reborn, ambalo baadaye lilipewa jina la Love Rock, iliwapa kitu kilichokuwa karibu na ile ya zamani kuliko gitaa jipya lenye jina la Gibson.

Hata hivyo, kiwanda kimoja katika mwaka mmoja kilitoa magitaa ya viwango vingi, na hapa ndipo uchaguzi unapopaswa kuanzia. Watengenezaji wa Kijapani waliandika bei ndani ya jina la modeli. Tokai LS-50 liliuzwa kwa yeni 50,000, LS-80 kwa yeni 80,000, na ngazi zikapanda hadi LS-200. Greco EG-500 nalo lilikuwa la yeni 50,000, kwa kuwa wao waliongeza sifuri moja. Kadiri namba ilivyopanda ndivyo mbao za mwili zilivyokuwa na vipande vichache, pikapu zikawa bora, na katika ngazi za juu vanishi ya nitroselulosi ikachukua nafasi ya ile ya poliesta. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba gitaa ni "Tokai la mwaka 1980" hajaambiwa la kutosha mpaka ajue ni modeli ipi. Ni muhimu pia kutolinganisha namba za miongo tofauti kana kwamba ni kipimo kimoja, kwa sababu yeni 80,000 za mwaka 1980 zililipia kazi na mbao nyingi zaidi kuliko yeni 80,000 za miaka ya 2000. Namba ya mfululizo husaidia kukisia umri: katika Ibanez na Greco nyingi za FujiGen za mwishoni mwa miaka ya 1970, herufi ya kwanza, kutoka A hadi L, huonyesha mwezi, na tarakimu mbili zinazofuata huonyesha mwaka.

Lipo kundi jingine ambalo watu hulichanganya na replika hizi, nalo ni magitaa ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa idhini. Mwaka 1982 Fender iliunda Fender Japan pamoja na kampuni za Kijapani Kanda Shokai na Yamano Gakki, na kazi ya utengenezaji ikapewa FujiGen. Kanda Shokai ndiyo iliyokuwa mmiliki wa jina la Greco, kwa hiyo kampuni iliyokuwa ikimwiga Fender ikawa mshirika wake. Magitaa ya mwanzo kabisa, ambayo namba zao zinaanza kwa JV, yana sifa kubwa, na modeli zake zinasomeka kwa urahisi: katika ST62-115 namba ya kwanza ni mwaka unaoigwa, yaani 1962, na ya pili ni bei, yeni 115,000. Kwa upande wa Gibson, Yamano Gakki iliuza magitaa ya Orville tangu mwaka 1988 hadi 1998, na yale yaliyoandikwa Orville by Gibson kwa kawaida yalikuja na pikapu za Kimarekani. Anayetaka umbo sahihi bila utata wa kisheria atapata hapa njia iliyo safi zaidi, ingawa kwa ufundi wa mikono sioni kwamba idhini peke yake inaliweka gitaa juu ya Tokai au Greco la ngazi ya juu.

Gitaa linapokuwa mkononi, la kwanza kuangaliwa ni shingo. Itazamwe kwa urefu kutoka upande wa kichwa ili kuona kama imenyooka, na ithibitishwe kwamba fimbo ya chuma iliyo ndani yake bado inazunguka, kwa sababu iliyokaza kabisa au iliyofika mwisho wake ni ukarabati mkubwa. Freti (vile vipande vya chuma vilivyokatiza ubao wa vidole) zilizolika zinaweza kubadilishwa, lakini gharama ya kazi hiyo inapaswa kuondolewa katika bei. Kwa replika za Les Paul, nyuma ya kichwa pachunguzwe chini ya mwanga mkali. Shingo ya mahogani yenye kichwa kilichoinamishwa nyuma kwa digrii 17, kama Gibson ya zamani, ni dhaifu mahali hapo, na replika iliyo aminifu hurithi udhaifu huo pamoja na uzuri. Ufa uliogundishwa vizuri hauzuii gitaa kupigwa kwa miaka mingi, lakini lazima utajwe na bei ishuke.

Urefu wa nyuzi kati ya ncha ya shingo iliyo karibu na kichwa na daraja, yaani kifaa kinachobeba nyuzi juu ya mwili, nao upimwe: karibu milimita 628 kwa umbo la Les Paul na milimita 648 kwa Stratocaster. Ubao wa vidole wa rozwudi ya Brazili, unaopatikana katika modeli chache za bei ya juu, huweza kuleta matatizo mpakani, kwa kuwa mti huo umo katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 1992 na husafirishwa kwa vibali.

Jambo la mwisho hujulikana na mafundi lakini wanunuzi wengi hulisahau. Vifaa vya Kijapani hufuata vipimo vya metriki na vya Marekani hufuata inchi, hivyo hesi za nguzo za daraja hazilingani, na vifundo vya sauti vya Kimarekani, vilivyotengenezwa kwa mhimili wa meno 24, havikai sawasawa kwenye mhimili wa Kijapani wa meno 18. Anayepanga kubadilisha vifaa anunue vilivyoandikwa kuwa vya metriki, maana kutoboa upya mashimo ya mwili ili kuingiza nguzo za inchi hupunguza thamani ya gitaa na hakuongezi chochote katika sauti yake. Pikapu ni rahisi zaidi, ila nafasi kati ya nyuzi ipimwe kwanza: madaraja mengi ya Kijapani ya umbo la Stratocaster hutenganisha nyuzi kwa milimita 10.8, na yale ya Kimarekani ya mtindo wa zamani kwa takriban milimita 11.2.