Themofili ni nini? Mfano wa alge za Surtsey

Themofili ni kiumbe anayetaka joto, na sisemi anayelivumilia tu, analitaka kabisa. Kwa kawaida wanahesabiwa wale wanaostawi kuanzia nyuzi 45 hivi kwenda juu, joto ambalo protini za mwili wako zingekuwa zinaharibika lakini za kwao ziko imara tu, na ukiwapeleka kwenye ubaridi ndo wanazubaa.

Mfano mzuri uko Surtsey, kisiwa kilichoibuka baharini kusini mwa Iceland. Volkano ilianza kulipuka Novemba 1963 ikaja kutulia Juni 1967, ikaacha lava na majivu matupu, udongo hamna, na kwenye nyufa mvuke unafuka. Mwaka 1970 mtafiti Castenholz akaikuta hapo alge inaitwa Mastigocladus laminosus (kitaalamu ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, ila jina la alge limeshazoeleka).

Sasa watu wengi wanadhani inakaa mdomoni kabisa mwa tundu la mvuke, hapana, pale ingeiva. Mwisho wake ni kama nyuzi 60 na kidogo, kwa hiyo inakaa pembeni, pale mvuke unapopoa ukawa matone, jiwe likabaki na unyevu na jua linafika. Na huo unyevu ndo siri yenyewe kwa maoni yangu, maana lava ina vitundu vingi, mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja, so mvuke ndo unaileta ile maji juu tena. Halafu ina seli maalumu zinazochukua naitrojeni hewani na kuifanya chakula, kwenye mawe mapya ambayo hayana mbolea yoyote hiyo ni faida kubwa sana.

Ilifikaje? Iceland imejaa chemchemi za moto, na vinyuzi vya alge hii vikikauka havifi haraka, upepo au ndege wanaweza kuvibeba.

Surtsey kwenyewe hushuki kama si mtafiti mwenye kibali, ila ndugu zake wa jamii hiyo hiyo ya wapenda joto wapo Ziwa Bogoria pale Kenya. Usiangalie maji yanapochemka, fuata mkondo unavyotiririka ukipoa, utaona utando wa kijani na rangi ya machungwa umelala juu ya mawe. Usiguse maji tu, yanaunguza.