"Fundi boksi ni hilohilo, niwekee tu spika kubwa": hapana jamani

Wiki hii tena. Mteja kanishushia spika mbili ndefu za kusimama sakafuni, za Uingereza, mbao bado inang'aa, ila mbele kumekatwa na jigisoo mduara umepinda, spika ya inchi 6 na nusu imetolewa ikawekwa ya inchi 10 aliyoinunua Kariakoo, na silikoni imejazwa pembeni mpaka imechuruzika. Ananiambia, "Fundi, mbona besi inavuma tu haipigi, na nimeweka kubwa?"

Ndo hapo hapo kaka. Umeweka kubwa.

Watu wengi wanaamini spika ni ile koni, boksi ni kabati la kuiwekea. Si kweli hata kidogo. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi, koni ikiingia ndani inaiminya nayo inaisukuma irudi, na boksi likiwa dogo kwa koni hiyo springi inakuwa ngumu, besi ya chini inakatika. Chukua spika yenye Fs (noti ambayo koni inapenda kutetemeka yenyewe ikiwa nje ya boksi) ya 30 Hz, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa kinachoshika koni) lita 60, na Qts (namba ya jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kutetemeka, ikiwa kubwa inavuma) 0.35. Iweke kwenye boksi la kuziba la lita 20, ile noti yake inapanda mpaka 60 Hz na Q, yaani ile Qts ikishakuwa ndani ya boksi, inakuwa 0.7, safi kabisa, besi inashuka taratibu bila nundu. Spika hiyohiyo iweke kwenye lita 7.5, unafika 90 Hz na Q inapita 1, hapo ndo unasikia ule mvumo wa noti moja kila wimbo. Sasa ukubwa wa koni: eneo lake likiongezeka mara mbili na ulaini wa kinachoishika ukabaki uleule, Vas inapanda mara NNE. Kwa hiyo ukiweka kubwa kwenye boksi lilelile ni sawa na kulipunguza boksi. Hesabu hizi sikuzitunga mimi, injinia Neville Thiele alizichapisha Australia mwaka 1961, mwenzake Richard Small akaziendeleza pale Sydney miaka ya 70, zipo wazi na bado mtu anaenda kwa macho tu.

Halafu zile za huyu mteja zina tundu nyuma, na fundi wa kwanza aliona lile bomba la ndani refu akalikata "hewa ipite vizuri". Urefu wa bomba ndo unaopanga tundu lipige noti gani!! Ukilifupisha noti inapanda, na chini ya noti hiyo koni haina kinachoishika, inaruka ovyo mpaka koili iliyoshikana nayo inagonga nyuma. Niliweka kiganja pale nikapiga besi ndogo, hewa inatoka kwa kishindo, koni inayumba kama kitambaa. Bado krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya spika ya besi na twita (ile ndogo ya sauti kali), koili na kapasita zake zilipigiwa hesabu kwa ile spika ya mwanzo, ukiweka nyingine pale inapokutana na twita panaachana na sauti ya mtu inakuwa kama anaongelea ndani ya ndoo.

Mengine nayapitia haraka.

Boksi zito ndo zuri? Si lazima. LS3/5A ya BBC, ile ya miaka ya 70 ya kwenye magari ya kurushia matangazo, ina kama lita 5 tu na kuta zake ni plywood nyembamba iliyobandikwa vizimio vya mtetemo, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa hela nyingi.

Wati nyingi ndo sauti kubwa? Angalia desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotoka, kwa wati 1 ukipima mita 1 mbele ya spika. Spika ya 83 inahitaji wati mara 10 ili ifikie ya 93, kwa hiyo namba kubwa kwenye stika haikuambii kitu. Na twita zinazoungua ninazoletewa, nyingi zimeuliwa na amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Waya wa bei mbaya? Mita 3 za waya laini wa shaba wa 2.5 mm², kwenda na kurudi, hazifiki hata omu 0.05, spika yako ni omu 8. Nunua huo, hela inayobaki weka kwenye kapeti na pazia zito, na kabla hujagusa chochote toa spika kwenye kona, isogeze hata sentimita 60 kutoka ukutani usikilize tena. Nawaambia kila siku.

Zile za mteja nimekata ubao mpya wa mbele, nikatafuta inchi 6 na nusu yenye Vas na Qts za karibu na ile ya mwanzo, nikaweka bomba jipya na kulikata kidogo kidogo huku napima mpaka likakaa kwenye noti yake. Moja imekamilika, ya pili gundi bado inakauka.