Fuwele za kabonati zinazong'aa: maana ya kudhibiti ukuaji wake

Chukua kipande cha tumbawe kilichotupwa ufukweni na kipande cha jiwe jeupe linaloning'inia katika mapango ya Amboni, Tanga. Mkemia akivipima atakupa jibu moja kwa vyote viwili: kabonati ya kalisi. Lakini ndani si sawa. Tumbawe limejengwa kwa aragoniti, jiwe la pangoni kwa kalisiti. Ni kama mikeka miwili: ukindu ni ule ule, ususi ndio tofauti. Huo ususi wa atomi, unaojirudia bila kukosea, ndio tunaouita fuwele. Upo na ususi wa tatu, vateriti, ambao haudumu. Ukiachwa ndani ya maji huvunjika wenyewe na kugeuka kalisiti.

Mwanga unaingiaje hapa? Kuna vitu vinavyomeza nishati, kwa mfano miale ya urujuanimno, kisha vikaitoa kama mwanga unaoonekana, bila kushika moto. Kabonati ya kalisi iliyo safi haina makuu katika hilo. Mwangaji ni mgeni anayekaa mahali pa atomi ya kalisi, na mgeni mashuhuri kuliko wote ni metali iitwayo manganisi. Hahitajiki kwa wingi: makumi kadhaa ya sehemu katika milioni yanatosha kuonekana.

Sasa utamu wenyewe. Manganisi akikaa ndani ya kalisiti, kisha fuwele ikapigwa kwa elektroni, hutoa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, yenye urefu wa wimbi karibu nanomita 620. Mweke huyo huyo ndani ya aragoniti, atatoa kijani chenye umanjano, karibu nanomita 560. Katika kalisiti amezungukwa na oksijeni 6 zilizomsogelea. Katika aragoniti ni 9, lakini zimekaa mbali kidogo. Zikimbana sana, mruko wa elektroni zake unaozaa mwanga hupungua nishati, na mwanga wenye nishati ndogo ni ule wa upande wa wekundu. Wengi hudhani rangi hutokana na dawa iliyotiwa tu. Hapa dawa ni moja, nyumba ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo kudhibiti ukuaji wa fuwele ni kuamua nyumba ipi ijengwe, kwa kasi gani, na nani aingie. Njia ya kawaida ni kuchanganya maji ya kloridi ya kalisi na maji ya kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Ukimwaga kwa pupa, maji hugeuka meupe papo hapo: mbegu za fuwele zimezaliwa kwa maelfu, na kila moja inabaki ndogo. Ukitia tone kwa tone, mbegu huwa chache na hunenepa. Ukipasha maji hadi nyuzi 70 au 80 hivi, sindano za aragoniti huongezeka. Ukiongeza magnesi, kalisiti hukwama, kwa kuwa magnesi hung'ang'ania maji yake na kuzuia safu mpya zisijengeke. Aragoniti hupata nafasi. Bahari imejaa magnesi, na hiyo ni sehemu ya sababu ya matumbawe kuwa aragoniti.

Kasi nayo ina neno. Kalisiti inayokua polepole huwapokea manganisi wengi zaidi kuliko inayokua mbio. Ndiyo maana wanajiolojia wakitazama kipande chembamba cha kalisiti kinachopigwa kwa elektroni, huona mistari angavu na ya giza kama pete za mti. Chuma kikiingia, mwanga hufifia. Manganisi wakizidi mno, hunyang'anyana nishati na mwanga hufifia vilevile. Metali ya risasi, kinyume chake, husaidia: kalisiti maarufu ya Franklin, New Jersey, Marekani, huwaka wekundu wa chungwa chini ya taa ya urujuanimno kwa sababu risasi humeza miale ile na kumkabidhi manganisi, ambaye peke yake huimeza kwa shida.

Wengine hutia metali nyingine: yuropiamu kupata nyekundu, au terbiamu kupata kijani. Hawa rangi yao haiyumbishwi sana na nyumba, ila wana chaji 3 mahali pa kalisi yenye 2, hivyo mara nyingi hutiwa sodiamu pembeni ili hesabu ikae sawa.

Unga mwingi wa kung'aa hutengenezwa kwa kuchomwa kwenye tanuri, nyuzi 1,000 na zaidi, na kasoro za fuwele hurekebishwa humo. Kabonati ya kalisi haina bahati hiyo. Yeyote aliyewahi kuona tanuri la chokaa pwani anajua tumbawe likichomwa sana linakuwa nini. Fuwele hii hutengenezwa, au huharibika, ikiwa bado majini.