Dhana potofu nilizokua nazo kuhusu picha zangu, hadi nilipofungua folda za mwaka mzima

Juzi nimekaa na folda zote za mwaka jana, picha za mwalo wa Kibirizi, za Ujiji, za stesheni ya reli, nikazipitia moja moja bila kufuta kitu, na aisee kuna mambo tunaambiana huku Kigoma sisi wapiga picha wa kujifurahisha ambayo si kweli kabisa.

Watu wanasema picha ikikosa ukali basi lenzi imechoka. Mi nilishaanza hadi kudunduliza hela ya lenzi nyingine. Ukweli ni kwamba kila faili la picha likitoka kwenye kamera linabeba taarifa zake, spidi ya shata (muda inaobaki wazi kuingiza mwanga), ISO (kamera inavyohisi mwanga, ikipanda shata inaweza kwenda kasi zaidi), lenzi ilivutwa hadi wapi kwa milimita, we fungua tu maelezo ya faili utaona. Zangu zilizotikisika karibu zote nilipiga kwa 1/30 ya sekunde nikiwa ndani ya boti inayoyumba, ISO nimeibana kwenye 100 kwa sababu nilikariri kwamba ikipanda picha inaharibika. Sasa chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa unaweza kuzipunguza kwa programu, ila picha iliyotikisika hivo ndo imeenda. Siku hizi kwenye boti sishuki chini ya 1/500, ISO ipande tu.

Eti Kigoma picha ni jioni, jua likizamia kwenye milima ya Kongo. Machweo ni mazuri kweli, ila nina folda nzima ya machweo yanayofanana na hamna mtu hata mmoja ndani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, boti zinarudi alfajiri, kwa hiyo pilikapilika za mwalo ni asubuhi.

Hii nyingine ndo imeniuma, kwamba kuvuta zumu ni sawa na kusogea. Hapana jamani. Zumu inakuza kile unachokiona kutoka pale uliposimama, haikupeleki upande wa pili. Picha zangu za kina mama wanaoanika dagaa zote ni milimita 55, yaani zumu nimeivuta hadi mwisho, migongo tu na kanga, hamna uso. Nilikua naogopa kuongea nao, basi. Nikarudi asubuhi moja, shikamoo mama, marahaba, nikaomba kupiga, akaniuliza za nini, nikamwonyesha zile za mgongo, akasema "sasa si uje huku mbele mwanangu", nikachuchumaa karibu kabisa huku anawageuza dagaa kwa mkono, magamba yanang'aa yamemganda mpaka kwenye pete. Lenzi ileile, milimita 18, bila kuvuta zumu.

Na megapikseli zisikusumbue, picha ya inchi 8 kwa 12 ukiisafisha kwa nukta 300 kila inchi inataka megapikseli 9 hivi tu, kamera yangu ya zamani inazo za kubaki. Ile ya pete nimeisafisha kwa saizi hiyohiyo, kesho asubuhi nampelekea mama.